Mashuka Yaliyofuliwa kwa Maji ya Ghala

Dobi alikuwa ameshaanika mashuka mawili ya zahanati. Akapinda mgongo kuchukua la tatu kwenye beseni, akalikung'uta, akalitupa juu ya kamba na kulivuta mpaka pembe zikakaa sawa. Katikati ya shuka, mahali ambapo mama aliyejifungua huweka mgongo, palikuwa na mwanamume asiyemjua. Alivaa shati la kijani, ameinua glasi, anacheka meno yote nje. Pembeni yake ulionekana mkono wa mtu wa pili, uliokatwa na pindo.

Dobi alimtazama kwa muda, kisha akambana kwa kibanio.

"Wifi!" aliita. "Hebu njoo. Nani kasahau mtu mfukoni?"

Wifi yake alikuwa kibarazani akipuliza pasi ya mkaa. Alikuwa dada wa marehemu mume wa Dobi. Mume alikufa, wifi akabaki, kama fundi aliyeondoka akasahau nyundo, tena nyundo ya kujigonga yenyewe. Walifua pamoja miaka yote hiyo, Dobi akishika maji, wifi akishika moto. Alikuja akijifuta majivu, akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule.

"Huyu hana mke," alisema. "Mke gani angeacha kola ikafika hapo?"

Walimsugua kwa sabuni ya mche. Walimsugua kwa ndimu na chumvi, wakamwacha juani mpaka saa saba. Mwanamume hakutoka. Kilichobadilika ni meno tu, ambayo yalizidi kuwa meupe.

Hadi kufika jioni kamba yote ilikuwa imejaa watu. Kulikuwa na bibi mwenye mbwa mapajani, ngazi za jengo fulani, bahari iliyopinda, na dole gumba kubwa lililoziba karibu shuka zima. Dobi alikunja yaliyokauka, akayapanga, akaenda kupika. Nguo ni nguo, na njaa ni njaa.

Haikuhitaji mtu wa kuwaeleza picha hizo zilikotoka. Juu ya mtaa, pale mto unapoingia mjini, palikuwa na jengo refu lisilo na dirisha hata moja. Watu waliliita Ghala, ingawa hakuna aliyewahi kuona gunia likiingia. Lilikuwa ghala la picha. Watu wa dunia nzima wakipiga picha kwa simu zao, picha zinakwenda kukaa humo ndani, na mashine zinazozikumbuka hupata joto, kama mtu anayemkumbuka aliyemwacha. Kwa hiyo hunyweshwa maji mchana kutwa, usiku kucha. Wahenga walisema maji hayapandi mlima. Wahenga hawakuona pampu. Bomba la Ghala lilikuwa nene kiasi cha mbuzi kupita ndani bila kuinama, na lilikuwa limetia mdomo mtoni na halikuutoa tena.

Siku ya kufunguliwa, watu wa mtaa walialikwa wakapewa kofia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja na kiu, na mwenyeji akapata kofia.

Tangu hapo visima vilianza kurudi nyuma. Cha Dobi kilikuwa uani, kimechimbwa na babu wa mumewe, na hakikuwahi kumwangusha. Sasa alikuwa ameunga kamba ya ndoo kwa mkanda wa marehemu, maji yakashuka, akaunga tai ya marehemu, maji yakashuka, akaunga mashati yake yote, fundo kwa fundo. Wifi alisema kaka yake hakuwahi kufanya kazi nzito namna hiyo alipokuwa hai. Na maji yaliyopanda yalikuwa ya vuguvugu, kwa sababu Ghala likishakunywa hukojoa mtaroni, na mtaro unanyonywa na ardhi, na ardhi haijui kukataa.

Wateja walipokea nguo zao kila mtu kwa tabia yake. Seremala alirudishiwa suruali yenye machweo gotini, akauliza kama goti la pili nalo linaweza kupata. Mwalimu mkuu alilalamika kuwa keki iliyo mgongoni mwa shati lake inawapotezea watoto mawazo. Mke wa mwenye duka alikuta mwanamke mwenye miwani kwenye fulana ya mumewe, kifuani, upande wa moyo. Dobi alikwenda mwenyewe kumweleza kuwa yule mwanamke si wa mume, ni wa maji.

"Nimekuelewa kabisa, mama," mke alisema. "Fulana nitaichoma hata hivyo."

Udobi una sheria moja, nayo ni kwamba kitu cha mtu hurudi kwa mwenyewe. Uani kwa Dobi kulikuwa na kamba fupi iliyoitwa kamba ya wenyewe, na hapo alining'iniza kila alichokikuta mifukoni: funguo, vifungo, barua za mapenzi, mara moja meno ya bandia. Wenyewe walikuja wakachukua, na mwenye meno alikuja amefumba mdomo. Kwa hiyo Dobi alizichukulia picha kama alivyochukulia meno. Aliamini kuna watu mahali fulani wanahangaika, wanapekua masanduku, wanagombezana na wake zao kwa ajili ya kitu kilichopotea, kumbe kiko kwake, kisafi, kimenyooshwa. Alianza kuzitazama kwa makini, apate kujua za nani.

Hapo ndipo aliposhtuka.

Ilikuwa mchana, anakunja mzigo wa zahanati. Shuka la kwanza lilikuwa na kikombe cha kahawa juu ya meza nyeupe. La pili, kikombe. La tatu, kikombe kilekile, meza ileile, ila kijiko kimesogea. Alifunua rundo lote mpaka chini. Kikombe, kikombe, kikombe. Chini kabisa kulikuwa na picha ya sakafu, ambayo mpigaji alibonyeza kwa bahati mbaya wakati anarudisha simu mfukoni, na nayo imehifadhiwa, imetunzwa, imepoozwa. Dobi akageuza ndoo, akaikalia.

"Mto mzima," alisema.

"Mto mzima nini?" wifi aliuliza.

"Umeingia kwenye kikombe kimoja."

Wifi alilitazama rundo, akatazama kamba ya mashati ya kaka yake iliyozama kisimani.

Siku hiyohiyo mkunga wa zahanati alipitia kuchukua mzigo. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kusukuma milango.

"Mashuka sina ugomvi nayo, mama," alisema. "Ila wazazi wangu wanasema wanajifungua wakitazamwa. Jana mmoja kakataa kusukuma mpaka nimfunike yule bibi mwenye mbwa. Nikamfunika. Akasema bado mbwa."

"Pole, mwanangu."

"Hayo madogo. Bomba letu limekauka tangu juzi. Kuanzia sasa kila mzazi aje na maji yake, ndoo mbili kubwa. Asiye na maji nitampokea, siwezi kumfukuza. Lakini nitamwosha kwa nini? Kwa mate?"

Mkunga aliondoka na mzigo kichwani. Dobi aligeuka akamtazama binti yake, aliyekuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta, miguu imevimba, tumbo limemtangulia kama mtu anayekwenda kumpigia hodi. Ilikuwa mimba yake ya kwanza, na ilikuwa imeshuka, tayari kwa kujifungua. Dobi alikwenda kisimani akateremsha ndoo, na mashati ya marehemu yakaisha yote, mpaka fundo la mwisho. Kilichopanda kilikuwa tope, na juu ya tope palikuwa na picha ya paka.

Asubuhi yake alijitwika mashuka yaliyobaki kambani, bado mabichi, akapanda kwenda Ghala. Mlangoni, ndani ya kibanda cha kioo, alikaa mlinzi aliyevaa sare na kofia iliyomshinda ukubwa. Mlinzi alikuwa mkwe wake, mume wa binti. Alipomwona mama mkwe anakuja na mzigo, alifikiria kujificha chini ya meza, lakini kioo hakikuwa na adabu hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Mashine hazijambo?"

"Zinakunywa, mama."

"Vizuri. Nimeleta vitu vya watu. Nifungulie."

Mkwe alitazama viatu vyake. "Mama, unisamehe. Hairuhusiwi kuingia na nguo mbichi. Mashine haziwezi unyevunyevu."

"Zimemaliza mto, haziwezi unyevunyevu?"

"Ndivyo tulivyofundishwa, mama."

Dobi hakugombana na mtoto wa watu akiwa kazini. Alifungua mzigo, akatia vibanio mdomoni, akavitoa kimoja kimoja, akaanika mashuka yote kwenye uzio wa Ghala kutoka kona hadi kona. Kisha akakaa chini kungoja wenyewe.

Aliyetoka alikuwa meneja. Alikuwa kijana mwenye ndevu zilizochongwa, kitambulisho shingoni, adabu tele. Aliamkia vizuri. Alipita mbele ya mashuka polepole kama mtu anayekagua gwaride, akashika ukingo wa moja, akaupapasa.

"Hata rangi hazijapotea," alisema. "Mnafua vizuri, mama."

"Ahsante, baba. Sasa wenyewe wako wapi?"

"Kila mahali."

"Waite waje wachukue. Sidai ujira. Wakichukua vyao, mashine zenu zitapumzika kunywa, na sisi huku chini tutapata maji. Binti yangu anajifungua wakati wowote, na zahanati haina hata tone."

Meneja alisikitika kwa uso wote. "Hatuwezi kugusa kitu cha mtu, mama. Hii ni amana."

Neno hilo Dobi alilielewa, akalikubali. Hata yeye asingetupa meno ya mtu. "Sawa," alisema. "Amana ni amana. Na wenyewe huja kuzitazama lini?"

Meneja akajikuna shavu. "Kusema kweli, wengi hawarudi kuzitazama. Mtu anapiga, anasahau."

"Na nyie?"

"Sisi hatusahau. Ndiyo kazi yetu."

Alikuwa amefika kwenye shuka la mwisho. Lilikuwa na kiatu kimoja cha mwanamume, kimepigwa kutoka juu, kamba zimefunguka. Meneja akacheka kidogo. Akatazama mguu wake, akatazama shuka.

"Kumbe hiki changu! Nilitaka kupiga picha kitu kingine, ikajibonyeza."

Dobi aliinuka upesi, moyo ukimpanda. Amepatikana mmoja, mwenyewe, mwenye mguu! Alianza kutoa vibanio. "Basi chukua, baba. Chukua chako, tuanzie hapo."

"Ah, iache tu, mama," meneja alisema. "Haichukui nafasi."

Dobi alibaki na shuka mkononi. Nyuma ya bega la meneja, bomba lilikuwa limelala mtoni, na mto haukuwa na kitu ila mawe, meupe, makavu, na wanawake waliopiga magoti katikati yake wakichimba mchanga kwa vikombe. Samaki mmoja alikuwa amekauka amesimama wima kati ya mawe mawili, kama alikuwa anaelekea mahali akaambiwa angoje. Dobi alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Mkwe wake, ambaye hakuwahi kumwona mama huyu akikosa la kujibu, alitoka kibandani na kuvua kofia, jinsi mtu anavyovua msibani.

Meneja aliona kimya kile, akadhani ni shukrani inatafuta maneno. "Maji yanayotoka bomba la nyuma ni ya bure, mama," alisema. "Choteni mtakavyo. Tena ni ya moto, kuni hamtahitaji."

"Ahsante, baba," Dobi alisema, maana ndivyo alivyolelewa.

Uchungu ulimshika binti mchana, wifi akiwa katikati ya kupiga pasi suruali ya seremala. Dobi alimshika mwanawe kiunoni wakaanza safari ya zahanati, hatua, simama, hatua, simama. Wifi alichukua ndoo akaenda kisimani kwanza, kwa heshima ya kisima. Ndoo ilirudi na mchanga. Akapanda Ghala mbiombio na mbavu zake za kizee, akakinga kwenye bomba la nyuma ndoo mbili kubwa, na njiani alimtukana kila aliyejitolea kumsaidia, kwa kuhofia atamwaga.

Mkunga alitia kidole kwenye maji. "Yana moto wake," alisema. "Afadhali."

"Hayo ya Ghala," Dobi alisema.

"Najua."

"Usimwoshe nayo. Mfute kwa kitambaa kikavu."

"Mama," mkunga alisema bila kugeuka, "huyu binti yako atatoka damu, na mtoto atatoka na damu. Kitambaa kikavu hakijui damu. Wewe ni dobi, unajua hilo kuliko mimi."

Dobi alijua. Akashika mkono wa mwanawe.

Mtoto alitoka jua likiwa bado juu, wa kike, mzito, mwenye hasira ya haki. Mkunga alimfunga kitovu, akamshika kiganjani juu ya beseni, akammwagia maji kidogo kidogo. Damu iliteremka, utelezi ukateremka, na ngozi mpya ikaanza kuonekana. Na kadiri ngozi ilivyotakata, mgongoni kati ya mabega palijitokeza kwanza mstari mweupe, kisha pembe, kisha rangi nyekundu ya dukani. Mkunga alifuta mara moja zaidi, ikawa dhahiri. Ilikuwa picha ya kibandiko cha bei cha jokofu. Mtu fulani aliipiga dukani ili akafikirie nyumbani, na jokofu hakulinunua, na kibandiko hakukitazama tena.

Wifi alisogea. Macho yake yalikuwa hafifu, akasoma kwa sauti, akifuata kwa kidole bila kugusa.

"'Ofa hadi Jumamosi.'"

"Leo siku gani?" binti aliuliza kutoka kitandani.

"Ijumaa," mkunga alisema.

Wifi alicheka peke yake, kicheko kifupi kama chafya, halafu akashika ukuta na kukaa chini sakafuni palepale, kanga mdomoni.

Dobi alimchukua mjukuu. Alimlaza kifudifudi mapajani, akatia sabuni kidoleni, akasugua. Mkono uliotoa kutu, wino, mafuta ya gari na damu ya harusi za watu ulisugua pale kati ya mabega, taratibu, kisha si taratibu. Alitema mate, akasugua. Ngozi ikawa nyekundu. Mtoto akalia kilio kingine, cha mtu anayeumizwa. Bei haikutoka. Mkunga alimshika mkono Dobi kwa nguvu.

"Mama. Hiyo ni ngozi."

Dobi aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Wa juzi ana risiti ya kuegesha gari kwenye paja," mkunga aliendelea, sasa kwa upole, akikusanya vitambaa. "Ananyonya vizuri. Kuna mmoja ana dari. Dari tupu. Mama yake anasema ni bahati, haina maneno."

Mkwe alifika na sare yake, amekimbia, kofia mkononi. Alisimama mlangoni, akaamkia wote, akamtazama mkewe, akamtazama mtoto, akalia machozi ya kawaida ya wanaume, yale ya kufuta kwa kiwiko. Walimgeuza mtoto, wakamwonyesha mgongo. Alisoma. Alitikisa kichwa polepole, kisha akasema mtoto ana masikio ya mama yake, na hilo lilikuwa kweli.

Alikuwa na habari pia. Ghala lilikuwa limejaa. Lingejengwa la pili, kando ya la kwanza, kubwa zaidi, na bomba lake lingepita huku mtaani. Na yeye angeajiriwa moja kwa moja, si kibarua tena.

"Hongera, mkwe wangu," Dobi alisema.

"Ahsante, mama."

Kando ya kitanda ilibaki ndoo moja, robo tatu, waliyoiacha itulie ili binti anywe na kujiosha. Binti alisema ana kiu. Wifi aliinuka kutafuta kikombe. Wakati huo mkwe alitoa simu mfukoni, akaifuta lenzi kwa ncha ya shati, akaomba wamwelekezee mtoto kwenye mwanga, awatumie ndugu. Dobi alimpakata mjukuu, akamfunika mgongo vizuri kwa shuka, akamnyanyua usoni.

Simu ikalia, picha ya kwanza. Maji ya ndooni yakashuka kidole kimoja.

Simu ikalia tena, yakashuka tena, bila sauti, yakiacha ukanda wenye unyevu pembeni mwa ndoo. Binti aliona. Mkunga aliona. Wifi alisimama na kikombe mkononi, akiangalia ndani ya ndoo, akasubiri kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kusema. Mkwe aliangalia kioo cha simu, akasonya, akapiga nyingine, na nyingine. Kitako cha ndoo kikaanza kuonekana.

Dobi aliitazama ndoo. Akamtazama mjukuu, aliyekuwa amekunja uso wote kwa mwanga wa dirisha, mzuri kupita kitu chochote kilichowahi kupita mikononi mwake. Akamrekebisha kidevu kwa kidole.

"Rudia, baba," alisema. "Hapo amefumba macho."